Habari Ilikuwa ya Kweli, Nyumba Zikabaki Tupu

Dalali alitafuta ufunguo kwenye fungu kubwa alilokuwa nalo, akafungua geti, akasimama pembeni tupite. Nilikuwa na mama mdogo, mwalimu aliyestaafu karibuni. Mbele yetu, pale Shangani mjini Mtwara, nyumba ya vyumba vinne: vigae sakafuni, viyoyozi bado vimening'inia ukutani, na uani kibanda cha jenereta kilichomwagwa zege vizuri. Jenereta lenyewe halikuwepo.

"Hapa walikaa watu wa gesi," dalali akasema. "Walikuwa wanalipa kwa dola, tena ya mwaka mzima mbele."

Mama mdogo akauliza, sasa anakaa nani.

"Sasa yupo mlinzi tu, mama. Lakini watarudi. Mambo ya Lindi yakianza, Shangani yote hii hutapata hata chumba."

Kilichotupeleka pale hakikuwa nyumba ile, bali kiwanja kitupu cha jirani. Mama mdogo alikizunguka chote taratibu, akasimama mahali ambapo pangekuwa na baraza, akatazama upande wa bahari. Kwenye bajaji wakati wa kurudi Chikongola akaniambia: "Nyumba haina hasara, mwanangu. Hata ikikaa tupu, si imesimama?"

Sikumjibu.

Swali lake lilinikaa wiki nyingi. Alitaka nimwambie kama aweke kiinua mgongo chake pale, na kama aongezee mkopo. Mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote, akakatwa mshahara kila mwezi, akasubiri kikokotoo cha pensheni kibadilishwe na kubadilishwa tena, hastahili kujibiwa haraka haraka kwa sababu tu anayemjibu anataka kuonekana ana matumaini na mji wake.

Gesi haikuondoka

Kwanza nilidhani tatizo la Shangani ni rahisi kulieleza: watu waliamini uvumi, uvumi ukawa uongo. Nilipoanza kukumbuka mambo yalivyokwenda, maelezo hayo yalikataa kusimama.

Hakukuwa na uongo. Gesi ya Mnazi Bay inajulikana tangu 1982. Kuanzia 2010 kampuni za nje zilipochimba baharini ziligundua gesi nyingi kweli, na magazeti hayakutia chumvi. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, lilijengwa likazinduliwa Oktoba 2015. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba upo unafanya kazi. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa mwaka huohuo, na magari yake tunapishana nayo kila siku. Bandari ikaongezewa gati jipya lenye urefu wa mita 300. Karibu kila kilichotangazwa wakati ule, ukiacha mtambo wa gesi wa Lindi, leo unaweza kwenda kukishika kwa mkono.

Na bado nyumba zilibaki tupu.

Hapo ndipo nilipokwama, na nadhani hapo ndipo penye somo ambalo mji huu haujalizungumza vya kutosha. Kutafuta gesi baharini kunahitaji watu wengi kwa muda mfupi: wahandisi, wapishi, marubani wa helikopta, watu wa meli za ugavi, walinzi. Kujenga bomba kunahitaji wachomeleaji na madereva kwa mamia. Visima vikishachimbwa na bomba likishafukiwa, kinachobaki ni kazi ya watu wachache wanaokaa mbele ya mitambo na kusoma vipimo. Gesi inaendelea kutiririka usiku na mchana, na haihitaji chumba cha kulala.

Kisha ikaja bei ya mafuta duniani. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Kampuni zilizokuwa zinapanga nyumba Shangani zikapunguza bajeti, nyingine ikanunuliwa na kubwa zaidi, ofisi zikafungwa, watu wakahamishwa. Mwenye nyumba wa Mtwara hakuwa na kosa lolote katika hilo, wala hakuna aliyempigia simu kumwuliza.

Waliojenga walitabiri vizuri kabisa kuhusu gesi. Hawakutabiri kuhusu mpangaji, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mradi mkubwa unaweza kuja kama ulivyoahidiwa, ukakaa miaka thelathini, na wewe uliyejenga kwa ajili yake ukapata wapangaji wa miaka mitatu.

Nimewasikia watu wakisema wenzetu wale walikuwa na tamaa. Hapana. Wengi wao walifanya kile ambacho kila semina ya ujasiriamali iliyopita hapa iliwaambia wafanye: changamkieni fursa. Walichukua akiba zao, wakachukua mikopo, wakajenga kwa kiwango ambacho mgeni angekubali. Mimi ningekuwa na kiwanja Shangani mwaka 2012, ningejenga.

Bei isiyonadiwa

Kwa nini basi tunaendelea kusema nyumba haina hasara?

Hapa kusini kila mtu anajua korosho ina hatari. Anajua kwa sababu bei yake inatangazwa hadharani. Msimu ukifika, mnada unafanyika, bei inasomwa mbele ya wakulima, na jioni hiyohiyo Newala, Tandahimba na Masasi wote wanajua wamepanda au wameshuka. Msimu wa 2017/18 kilo ilifika shilingi 4,000 na zaidi. Msimu uliofuata wanunuzi walileta bei ambazo wakulima walizikataa, minada ikasimama, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likaingia kusomba. Mtoto wa darasa la tano wa Tandahimba anaweza kukusimulia hayo.

Nyumba haina mnada wa kila wiki. Hakuna anayesimama barabarani Ijumaa na kutangaza kwamba nyumba ya vyumba vinne ya Shangani leo imeshuka. Mwenyewe anabaki na bei ya siku aliyomaliza kupaka rangi, na bei hiyo inakaa kichwani mwake miaka kumi bila kuguswa.

Ule utulivu tunaoupenda kwenye nyumba, sehemu yake kubwa ni ukimya tu. Bei inapanda na kushuka kama ya korosho, ila hakuna anayetusomea.

Ukimya huo una gharama. Nimezungumza na wenye nyumba ambao kwa miaka wamekataa kushusha kodi. Wana sababu yao: ukishusha, mtaa wote unashuka, na kuipandisha tena ni vita. Mmoja aliniambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba afadhali nyumba ikae tupu kuliko kuivunjia heshima. Namwelewa. Lakini ukitaka milioni moja kwa mwezi ukakaa miezi kumi bila mtu, na kuna aliyekuwa tayari kulipa laki tano, umeacha milioni tano ambazo hazitarudi. Mwezi uliopita tupu huwezi kuuweka ghalani ukauza msimu ujao. Korosho angalau ina stakabadhi ya ghala.

Tena nyumba tupu haisimami. Hili nilitaka kumwambia mama mdogo kwenye bajaji, maneno yakanikosa. Upepo wa chumvi unakula bati na nondo, mchwa hawasubiri mpangaji, popo wakishaingia darini kuwatoa ni kazi, na pampu isiyotumika inaganda. Mlinzi analipwa. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, mwenye nyumba bado anadaiwa.

Na hata zile dola zenyewe zimepita. Kanuni za 2025 zimezuia kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba aliyekuwa anahesabu kwa dola ili ajikinge na kushuka kwa shilingi, kinga hiyo sasa hana.

Kisima kimoja

Nilianza kufanya zoezi moja nikitembea mitaani. Kwa kila nyumba ya kupanga niliyoifahamu, nilijiuliza: fedha anayolipa mpangaji huyu inatoka wapi, hasa hasa?

Fremu ya duka la nguo Masasi: wateja wake ni wakulima wa korosho. Fundi simu wa sokoni: korosho. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: korosho. Gesti iliyojaa Oktoba hadi Januari: wanunuzi, wapakiaji, madereva wa korosho. Bodaboda anayepanga chumba kimoja Magomeni: anabeba wenye fedha za korosho. Mwenye nyumba mwenye fremu tano na wapangaji watano anaamini amegawa hatari mara tano. Ukifuatilia, wote watano wanachota kisima kimoja, na mwaka kisima kikikauka wanakauka pamoja.

Mwaka 2019 tuliyaona hayo. Malipo ya wakulima yalichelewa, na waliofunga maduka hawakuwa wakulima.

Makaa ya mawe nayo yalitufundisha, ingawa somo lenyewe bado halijaisha. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022, makaa ya Ruvuma yakatafutwa Ulaya na Asia, malori yakafurika barabara ya Songea, bandari ikajaa, na kila mwenye chumba karibu na barabara akaweka kitanda na kuandika "Gesti". Bei ya makaa duniani baadaye ikashuka. Gesti hazikufungwa zote, malori bado yapo, lakini waliojenga wakitazama foleni ya 2022 walikuwa wanatazama kitu ambacho chanzo chake kilikuwa mbali sana na Mtwara.

Nikaanza kutafuta visima vingine. Vipo, na vingi havina mvuto wa kuzungumzwa. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina, bila kujali mnada. Wanafunzi wa vyuo wanategemea mikopo ya Bodi na wazazi walio mikoa mingine. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ilianza kutoa huduma 2021, na inaleta watumishi, wagonjwa na ndugu wa wagonjwa kutoka Lindi na Ruvuma. Watu hawa hawalipi dola. Wanatafuta chumba na sebule, choo ndani, maji yasiyokatika na LUKU ya peke yao.

Halafu nikaangalia sensa. Manispaa ya Mtwara Mikindani ilikuwa na watu zaidi ya 108,000 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na takriban 146,000. Miaka kumi hiyohiyo ambayo Shangani ilipoteza wapangaji wake, mji uliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja.

Nilirudia kuisoma namba hiyo. Watu walikuwa wanakuja wakati wote. Walikuwa wanakuja taratibu, na fedha kidogo, wakipita mbele ya mageti ya Shangani kwenda kutafuta chumba Chuno na Mangamba.

Hesabu tuliyoifanya mezani

Jumapili moja nilikwenda kwa mama mdogo na daftari. Naziweka hesabu zenyewe hapa, kwa ruhusa yake, kwa sababu najua wastaafu wengi wako kwenye meza kama ile.

Alikuwa na milioni 45. Nyumba ya Shangani, kiwanja na ujenzi, ingefika milioni 85. Pengo la milioni 40 lingetoka benki, dhamana ikiwa nyumba yake ya Chikongola anayoishi. Dalali alikuwa amemhakikishia kodi ya laki sita kwa mwezi.

Laki sita mara kumi na mbili ni milioni 7.2. Mpangaji akiwa taasisi atakata kodi ya zuio ya asilimia 10, zinabaki 6,480,000. Riba za mikopo ya benki nchini kwa miaka mingi zimezunguka asilimia 15 hadi 17. Tukachukua 16. Riba ya mwaka wa kwanza kwa milioni 40 ni 6,400,000.

Zinabaki elfu themanini.

Kwa mwaka. Kabla ya kupaka rangi, kabla ya fundi bomba, kabla ya kurudisha hata shilingi ya mkopo wenyewe. Na hiyo ni kama mpangaji hakukosekana hata mwezi mmoja.

Mama mdogo aliirudia hesabu mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo ningekuwa nafanya kazi ya benki, na nyumba yangu ninayolala ndiyo rehani."

Sikuwa na la kuongeza. Nimesoma matangazo ya mnada yaliyobandikwa kwenye mageti ya mji huu. Mara nyingi kinachoondoka si nyumba ya biashara peke yake.

Tukaja kwenye wazo la pili. Ana kiwanja chake cha siku nyingi upande wa Mitengo. Pale milioni 45 zingetosha kusimamisha uniti nne ndogo, kila moja chumba, sebule na choo. Tukikadiria elfu tisini kila moja, kwa mwezi ni 360,000, kwa mwaka milioni 4.32. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 10 ya fedha aliyoweka, kabla ya matengenezo. Uniti moja ikikosa mtu, anapoteza robo. Nyumba moja kubwa ikikosa mtu, anapoteza yote.

Hapo nikamweleza kuhusu hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha kwa riba, maana ingekuwa si haki kumficha. Ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95, na mwaka 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Hata kwa hiyo ya chini, milioni 45 zingemletea zaidi ya milioni 5.6 kwa mwaka, bila dalali, bila popo, bila kumfuata mtu mlangoni.

Kwenye karatasi hatifungani inaishinda nyumba. Niliona aibu kidogo kwa niaba ya matofali.

Jibu lake nimelifikiria sana tangu siku ile. "Karatasi siwezi kumlaza mjukuu ndani yake," alisema. "Na baada ya miaka 25 wananirudishia milioni 45 zilezile. Mwaka 2000 milioni 45 zilikuwa nini? Leo ni nini?"

Ana haki. Kodi ya chumba inapanda na maisha, hata kama kwa kuchelewa. Ardhi inabaki. Na kuna kitu ambacho mahesabu hayana safu yake: mtoto akirudi kutoka Dar es Salaam kazi imeisha, uniti moja inageuka kwake. Kwa familia nyingi za huku nyumba ya kupangisha ndiyo bima pekee wanayoielewa, na sioni sababu ya kuwadharau kwa hilo. Ninachokataa ni kuiita bima kitu ambacho umekiweka rehani.

Karanga, na Mikindani kabla yake

Wazee wa hapa hawakushangazwa na yaliyotokea Shangani. Mji wa Mtwara wenyewe ulipimwa kwa ajili ya utabiri. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya mashamba yake, na ikahitajika bandari ya kina kirefu na reli ya kuifikia. Zile barabara pana za katikati ya mji, zenye nafasi kuliko magari, ni za mji uliotarajiwa. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, umemeza takriban pauni milioni 36. Bandari ilifunguliwa 1954, karanga zikiwa zimeshasahaulika. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Na bandari ile ndiyo iliyoimaliza Mikindani, ambako maji hayakuweza kupokea meli kubwa. Nenda Mikindani utazame nyumba za mawe ya matumbawe zilizobaki kuta, miti imeota ndani. Kila moja mwenyewe aliijenga akiwa na sababu nzuri.

Lakini ukinisoma hapa ukadhani nasema usijenge, hujanielewa. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga ndiyo leo inayopakia korosho na makaa. Zege lilikuja kupata kazi, ila ilikuwa kazi nyingine, ya watu wengine, miongo mingi baadaye. Serikali ya kikoloni ingeweza kusubiri miongo. Mstaafu hawezi. Kwa hiyo swali ambalo sasa nalipa uzito kuliko yote ni hili: mambo yakichelewa, unaweza kukaa muda gani bila kulazimika kuuza?

Anayelipa miezi sita

Tunapozungumzia hatari ya mwenye nyumba, kuna mtu tunamsahau.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo mambo mengi yanabaki kwenye mkataba na mazoea. Mazoea yetu ni miezi sita mbele, au mwaka, na mwezi mmoja wa dalali. Muuguzi aliyeajiriwa juzi, akitaka chumba cha elfu tisini, anatakiwa awe na 630,000 siku ya kwanza, kabla hajanunua godoro. Anakopa. Mara nyingi anakopa kwa watu wanaotoza riba ambayo benki isingethubutu.

Mwenye nyumba anaiona miezi sita kama uhakika. Ni uhakika kweli, lakini umenunuliwa kwa mfuko wa mwingine. Hatari haikuondoka. Imehamishwa kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuibeba. Na mwezi wa saba unapofika, yule muuguzi hana laki tano na nusu nyingine, anahama kimyakimya, na chumba kinakaa tupu mwezi au miwili kikisubiri mwingine mwenye miezi sita.

Nilimwomba mama mdogo afikirie miezi mitatu, na baada ya mwaka wa kwanza, kwa mpangaji aliyelipa vizuri, mwezi kwa mwezi. Alipinga. Amewahi kuwa na mpangaji aliyemsumbua, na hofu yake haikuwa ya kubuni. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe alikubali miezi mitatu, akikataa kabisa mwezi kwa mwezi. Naamini ipo siku atakubali, maana amekuwa mpangaji miaka mingi katika vituo alivyopangiwa kufundisha na anakumbuka ilivyokuwa.

Lindi wanasubiri

Sasa kuhusu yale "mambo ya Lindi" ya dalali.

Eneo la Likong'o limeshatwaliwa kwa ajili ya mtambo wa kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa, na Mei 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo makuu yamekamilika. Kabla ya hapo, Januari 2021, Equinor, kampuni ya Norway iliyo mmoja wa wabia, ilikuwa imeushusha thamani mradi huo kwenye vitabu vyake kwa dola milioni 982. Hadi naandika, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujatangazwa. Watu wananunua viwanja.

Nawaombea Lindi mradi wao uje. Nasema kutoka moyoni, maana wamesubiri vya kutosha na wengine walihama kwa ajili yake. Lakini kwa anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha, mradi kuja haitoshi. Ujenzi wa mitambo ya namna hii unachukua maelfu ya watu kwa miaka michache, na kampuni huwa zinawajengea kambi ndani ya uzio, kama ilivyofanyika ng'ambo ya mto Ruvuma kule Afungi, Msumbiji. Ujenzi ukiisha, kinachobaki ni idadi ndogo ya wataalamu. Anayejenga lojingi Lindi leo ajiulize anamjengea nani: mchomeleaji atakayelala kambini, mhandisi atakayekaa miaka minne, au mama lishe na mwalimu watakaokuwepo hata mtambo usipojengwa kabisa?

Hawa wawili wa mwisho, wanaowajengea ni wachache.

Mitengo

Mama mdogo hakununua kiwanja cha Shangani. Ameanza uniti mbili Mitengo, msingi wa zote nne umeshamwagwa, na kilichobaki amekigawa: nusu hatifungani, nusu akaunti ya kawaida, ili mwaka mzima ukipita bila mpangaji asilazimike kukopa. Fundi amefikia lenta. Bati atanunua zenye unene zaidi, kwa sababu ya chumvi.

Hata hivyo bado nina shaka, na sitaki kuificha kwa sababu tu hesabu ilitoka vizuri. Mitengo nayo inachota kisima kimoja: hospitali. Nimeona misingi mingine ikichimbwa jirani, na wenye misingi hiyo bila shaka wamefanya hesabu kama yetu. Na kuna jambo jingine. Serikali ikijenga nyumba za watumishi karibu na hospitali, kama inavyofanya mahali pengi, muuguzi wa mama mdogo atahamia huko kesho yake, na atakuwa amefanya sawa.

Wiki ijayo nitakwenda ofisi ya Mipango Miji ya Manispaa kuuliza kama kuna eneo lililotengwa kwa nyumba za watumishi pale, na la ukubwa gani. Jibu likipatikana kabla uniti ya tatu na ya nne hazijainuliwa, tutajua kama ziwe za wauguzi au za ndugu wanaouguza wagonjwa, ambao wanahitaji kitanda cha siku tatu na jiko la kuchemshia uji. Nitaliandika hapa.